Saratani ya matiti: Ufa huanza kabla ya ukuta kubomoka

Miongoni mwa mambo yaliyonitahayarisha katika maisha yangu ya usomi ni karatasi moja niliyotiwa mkononi na mamangu mdogo, nyumbani kwake Likoni, muda mfupi baada ya swala ya alasiri. Ilikuwa ripoti ya maabara. Alikuwa ameiweka chini ya mto kwa siku tatu akiningoja nivuke feri nije kutoka Kisauni ninakoishi.

"Wewe si daktari, mwanangu?" aliniuliza. "Basi nisomee hapa, uniambie pana nini."

Mimi ni daktari wa falsafa katika taaluma ya isimu. Nimefundisha sarufi, fonolojia na tafsiri kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu kadhaa leo ni walimu. Nikaisoma ile karatasi. Kiingereza chake nilikielewa neno kwa neno, lakini maana yake yote haikunijia. Ilisema kwamba sehemu ya uvimbe ilikuwa saratani vamizi, na kwamba kando yake palikuwa na saratani nyingine iliyoelezwa kwa maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya "mahali pake". Nikamtafsiria hivyo hivyo, kama mtu anayefanya zoezi la darasani: mamangu, hapa wamesema nyingine ingali mahali pake.

Akanitazama. "Mahali pake? Kwani ina mahali pake mwilini mwangu?"

Sikuwa na jawabu. Makala haya ni jitihada yangu ya kulitafuta jawabu hilo, na nayaandika kwa ajili ya walimu na wanafunzi kwa sababu naamini kwamba elimu niliyoikosa siku ile ni elimu ambayo shule zetu zingeweza kuitoa.

Ukubwa wa janga lenyewe hauhitaji kutiwa chumvi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mnamo mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti duniani, na watu 670,000 wakafa kwayo. Hapa Kenya, makadirio ya wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani kwa mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya takriban 6,800 na vifo takriban 3,100. Kwa lugha nyepesi, kwa kila wanawake wawili au watatu waliogunduliwa, mmoja alizikwa. Msomaji wa Likoni, Kisauni au Changamwe hana haja ya takwimu hizo. Anazijua nyumba.

Tuanze na mwili wenyewe. Titi la mwanamke lina vifuko vinavyotengeneza maziwa na mirija myembamba inayoyapeleka hadi kwenye chuchu. Ndani ya vifuko na mirija hiyo mmetandikwa chembe hai, au seli, na nje ya chembe hizo pana utando mwembamba unaozunguka mfano wa ukuta. Chembe za saratani zinapozaana kupita kiasi lakini zingali ndani ya ukuta huo, madaktari husema saratani ingali mahali pake. Haina njia ya kuifikia mishipa ya damu wala tezi za kwapani. Zikiupenya ukuta na kuingia katika nyama ya jirani, hapo huitwa saratani vamizi, na kutoka hapo huweza kusafiri hadi mifupani, mapafuni, kwenye ini au ubongoni. Tofauti baina ya hali hizi mbili, basi, ni tofauti ya upande gani wa ukuta chembe zilipo.

Swali lililowashughulisha wataalamu kwa miongo kadhaa ni hili: ni nini kinachobadilika katika chembe hata ikaweza kuuvuka ukuta huo?

Kila chembe ya mwili hubeba maandishi ya urithi, yaani DNA, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu zinazofuatana kwa wingi wa takriban bilioni 3. Ndani ya maandishi hayo mna jeni zipatazo 20,000, ambazo ni mithili ya sentensi zinazoiamuru chembe ifanye nini na lini. Baadhi ya jeni huisukuma chembe izaane, na nyingine huizuia. Jeni iitwayo TP53, kwa mfano, ni mlinzi: maandishi yakiharibika, huisimamisha chembe ili itengenezwe au ife. Jeni iitwayo HER2, iliyo katika kromosomu ya 17, ni miongoni mwa zinazosukuma. Saratani huzuka wakati makosa yanapolimbikizana katika maandishi haya: mlinzi ananyamazishwa, msukumaji anaongezewa nakala, na chembe inaacha kusikia amri ya kusita.

Mwaka 1976, Mmarekani Peter Nowell alieleza katika jarida la Science kwamba uvimbe wa saratani aghalabu hutokana na chembe moja, ambayo wazao wake hurithishana makosa na kuongeza mengine mapya, na wale walio hodari zaidi wa kuzaana ndio wanaotamalaki. Niliposoma hayo nilijihisi niko nyumbani, kwa kuwa wanaisimu nao hutumia njia ya namna hiyo wanapochunguza nasaba za lugha. Tukitaka kujua kama lahaja mbili zina asili moja, hatutazami maneno yanayofanana tu, kwani maneno huazimwa. Tunatafuta mabadiliko ya pamoja, yale mageuzi ambayo haiwezekani yawe yamezuka mara mbili kwa sadfa. Wachunguzi wa saratani nao husoma mabadiliko ya herufi katika chembe zilizo ndani ya ukuta, wakayalinganisha na yale ya chembe zilizotoka nje, na kuchora mti wa ukoo.

Mti huo ulionyesha nini? Wengi walitarajia kuona badiliko moja mahususi linalotumika kama cheti cha kuvukia ukuta. Halikupatikana. Kilichobainika ni kwamba mabadiliko makubwa mengi yanayoonekana katika saratani vamizi huwa yamekwisha kutokea wakati saratani ingali ndani ya mrija. TP53 iliyoharibika huonekana humo. PIK3CA, jeni nyingine inayobadilika mara nyingi katika ugonjwa huu, huonekana humo pia. Nakala za ziada za HER2 huonekana katika saratani iliyo mahali pake kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko katika saratani vamizi, jambo linaloashiria kwamba nakala hizo peke yake si tiketi ya kutokea nje.

Aidha, wataalamu wametambua kwamba njia si moja. Uvimbe wa daraja la chini, unaokwenda pole pole, mara nyingi hupoteza mkono mrefu wa kromosomu ya 16 na kuongeza nakala za mkono mrefu wa kromosomu ya 1. Ule wa daraja la juu, ulio mkali, huwa na mabadiliko mengi na yenye vurugu, yakiwemo yale ya TP53 na HER2. Ukali huo huonekana tangu mwanzo. Haina maana kwamba kila saratani huanza ikiwa mpole kisha ikawa kali, kama mtoto anayeharibikia barazani. Nyingine huzaliwa kali.

Mnamo mwaka 2022, jarida la Nature Genetics lilichapisha utafiti uliolinganisha saratani ya ndani ya mrija na saratani vamizi iliyozuka baadaye katika titi lile lile la mwanamke yule yule. Takriban robo tatu ya jozi hizo zilikuwa za ukoo mmoja. Lakini karibu moja kati ya tano hazikuwa na nasaba yoyote: saratani ya pili ilikuwa mgeni mpya, iliyojianzia yenyewe. Ukiongeza ugunduzi kwamba chembe zinazouzunguka mrija, zikiwemo chembe za kinga, huchangia kuulinda au kuubomoa ukuta, utaona kwamba kisa hiki hakina mhalifu mmoja.

Mambo mawili yanafuata kutokana na hayo, na yanavutana.

La kwanza ni kwamba uvimbe mdogo haumaanishi kosa dogo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wataalamu wa jeni wanatuambia jambo kali zaidi: ufa huanza ndani ya nyumba, kabla ukuta haujaonyesha hata mchirizi. Mamangu mdogo alikaa na kivimbe chake kwa miezi minane kwa sababu hakikuuma. Jirani alimwambia ni maziwa yaliyoganda, ilhali mtoto wake wa mwisho alikuwa amekwisha kuoa. Mwingine akamwambia ni husuda. Katika miezi hiyo minane chembe hazikuwa zimelala.

La pili ni kwamba si kila saratani iliyo ndani ya mrija itatoka nje. Nyingine hukaa humo maisha yote ya mwanamke. Ndiyo sababu katika nchi tajiri, ambako picha za eksirei za matiti hupigwa kwa mamilioni ya wanawake wasio na dalili zozote, umezuka mjadala kuhusu wanawake wanaokatwa bila haja. Utafiti uitwao COMET, uliofanywa Marekani na kutangazwa Desemba 2024, uliwafuatilia wanawake wenye saratani ya ndani ya mrija ya hatari ndogo. Baada ya miaka 2, saratani vamizi ilikuwa imeonekana kwa asilimia 5.9 ya waliopangiwa upasuaji na asilimia 4.2 ya waliopangiwa kuchunguzwa kwa karibu. Wengi wa hao waliochunguzwa walikuwa wakitumia dawa za homoni, na miaka 2 ni muda mfupi kwa ugonjwa wa aina hii.

Nayataja haya kwa sababu nimekwisha kumsikia mtu mmoja, msomi wa kutosha, akidai pale kivukoni kwamba wazungu wenyewe wameona hakuna haja ya kukimbilia hospitali. Hiyo ni hatari ya habari kusafiri bila muktadha wake. Wanawake wa utafiti ule waligunduliwa kwa picha, kabla ya kuhisi chochote, na walirudi kupigwa picha kwa ratiba. Mwanamke wa Mtongwe au Bamburi anayefika hospitalini kwa kuwa ameshika uvimbe yuko katika hadithi nyingine kabisa. Kule wanajadili kuwahi kupita kiasi. Sisi tungali tunajadili kuchelewa. Tusiazime jawabu la swali ambalo hatujaulizwa.

Sasa nije kwenye neno lililozua tafrani katika ukoo wetu. Nilipowaeleza jamaa kwamba saratani ni mabadiliko ya jeni, binamu yangu mmoja, mwalimu wa msingi huko Changamwe, alinivuta kando. Binti yake alikuwa amechumbiwa. Aliniomba nisilitamke neno hilo mbele ya watu, kwani wakwe wangesema ukoo una donda.

Nikatambua kwamba kosa lilikuwa langu na la lugha niliyoitumia. Katika Kiswahili cha kila siku, "jeni" imekuwa kisawe cha "urithi". Mtu akisikia jeni, husikia damu ya ukoo. Ilhali mabadiliko niliyokuwa nikiyaeleza, katika wagonjwa walio wengi, huzuka mwilini mwa mtu mwenyewe katika maisha yake, ndani ya chembe za titi tu. Hakuyapata kwa mamake wala hatamrithisha bintiye. Inakadiriwa kwamba ni asilimia 5 hadi 10 tu ya saratani za matiti zinazotokana na badiliko la kurithiwa.

Hizo chache zina historia mashuhuri. Mwaka 1990, Mary-Claire King wa Marekani alionyesha kwamba katika baadhi ya koo ugonjwa huu uliambatana na eneo fulani la kromosomu ya 17. Jeni yenyewe, BRCA1, ilisomwa mwaka 1994, na nduguye BRCA2, iliyo katika kromosomu ya 13, ikatambuliwa mwaka 1995. Kazi yake ni kutengeneza DNA iliyokatika. Anayerithi nakala mbovu huanza maisha akiwa na fundi mmoja pungufu. Kampuni moja ya Marekani ilimiliki hataza juu ya jeni hizo hadi mwaka 2013, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoamua kwamba DNA ya asili haiwezi kuwa mali ya mvumbuzi. Badiliko hilo laweza kurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama, na mwanamume aliye nalo naye huweza kuugua. Kwa hivyo tabia yetu ya kuuhesabu ugonjwa huu upande wa wanawake tu haina msingi.

Napendekeza, basi, tutenganishe istilahi zetu. Tuseme "mabadiliko ya kuzaliwa nayo" kwa yale ya kurithi, na "mabadiliko ya kuzuka" kwa yale yanayotokea mwilini baadaye. Ni maneno mepesi, mtoto wa darasa la sita anayaelewa, na yangeliokoa neno "jeni" lisivunje uchumba wa mtu.

Kwa kuwa bibi yetu naye alikufa kwa kile wazee walichokiita donda la ziwa, tuliambiwa kwamba ni busara mamangu mdogo apimwe mabadiliko ya kuzaliwa nayo. Wataalamu hushauri aanze aliyeugua, wala si jamaa walio wazima. Tukachangishana. Jawabu lilipokuja lilisema kwamba katika BRCA2 yake kuna badiliko ambalo maana yake haijulikani.

Nilikaa na sentensi hiyo kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimeijua maisha yangu yote kwa sura nyingine. Mwaka 1928, hapa hapa Mombasa, mkutano wa wawakilishi wa nchi za Afrika Mashariki uliamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya lahaja ya Kiunguja. Kimvita, lahaja ya mji uliouandalia mkutano huo makao, kikaachwa nje. Tangu hapo, mtoto wa Mombasa aandikapo "ndoo" kwa maana ya njoo, "mato" kwa maana ya macho au "ndia" kwa maana ya njia, msahihishaji mwenye kamusi sanifu hutia mstari mwekundu. Wakati mwingine hutia alama ya kuuliza tu, kwa kuwa hajui kama hilo ni kosa au ni lahaja. Neno halina kasoro. Kamusi ndiyo haikumsikiliza mwenye neno.

Ndivyo ilivyo kwa jeni. Hazina kubwa za dunia za maandishi ya urithi zimejengwa kwa damu ya watu wenye asili ya Ulaya. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Cell mwaka 2019 ulionyesha kwamba kati ya walioshiriki tafiti za aina hiyo, takriban asilimia 78 walikuwa wa asili ya Ulaya na asilimia 2 tu wa asili ya Afrika. Ilhali Afrika ndiyo yenye anuwai kubwa kuliko bara lolote. Mwafrika apimwapo, hupatikana herufi nyingi zisizo katika kamusi, na jawabu huwa alama ya kuuliza. Ni muhimu msomaji ajue kwamba mabadiliko mengi ya namna hiyo, yanapochunguzwa zaidi, hubainika kuwa hayana madhara. Madaktari hawashauri mtu akatwe titi wala jamaa zake wapimwe kwa sababu ya alama ya kuuliza. Hata hivyo, mwenye kulala nayo usiku ni mgonjwa na jamaa zake, nami nikiwamo.

Kwamba jambo hili lina dawa kumethibitishwa na Wanijeria. Mwaka 2018, watafiti, akiwemo Olufunmilayo Olopade, Mnijeria wa Chuo Kikuu cha Chicago, walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake 1,136 wa Nigeria waliokuwa na saratani ya matiti. Takriban mmoja kati ya saba alikuwa na badiliko la kuzaliwa nalo lenye madhara, kwa kiwango kikubwa katika BRCA1 na BRCA2. Mwaka huo huo, utafiti mwingine juu ya uvimbe wenyewe wa wanawake wa Nigeria ulionyesha wingi wa mabadiliko ya TP53. Watu waliosomwa kwa lugha yao walipata jawabu. Pwani yetu, yenye damu ya Wamijikenda, Waswahili, Waarabu, Wahindi na wengineo, inastahili kusomwa vivyo hivyo.

Lakini kabla ya kusoma, lazima karatasi ifike ikiwa salama. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba saratani za wanawake wa Afrika nyingi hazina vipokezi vya homoni ya estrojeni wala HER2, na kwa hivyo hazina dawa mahususi. Mwaka 2014, Shahin Sayed wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, na wenzake walitoa matokeo ya sampuli 301 kutoka Kenya zilizohifadhiwa kwa uangalifu. Karibu robo tatu zilikuwa na vipokezi vya estrojeni. Zilizokosa vipokezi vyote vitatu vinavyopimwa zilikuwa karibu moja kati ya tano. Kiwango hicho cha moja kati ya tano si kidogo, na saratani hiyo ni kali. Lakini picha haikuwa ile tuliyozoea kuambiwa. Sehemu ya tofauti hutokana na jambo la kawaida mno: kipande cha nyama kikicheleweshwa kutiwa fomalini, au kikitiwa fomalini isiyofaa, vipokezi huharibika, na maabara huandika kwamba havipo.

Jambo hilo tulilionja. Kipande cha kwanza cha mamangu mdogo kilichukuliwa katika hospitali moja, kikakaa, kikazungushwa, na mwisho tukaambiwa hakipimiki. Majuma sita yakapotea. Cha pili kilionyesha kwamba saratani yake ilikuwa na vipokezi vya estrojeni. Maana yake ni kwamba, baada ya upasuaji na matibabu mengine, angeweza kumeza tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu kilichojulikana tangu miaka ya 1970. Kama tungeridhika na jawabu lisilopimika, kidonge hicho asingepewa. Vivyo hivyo kwa mwenye nakala za ziada za HER2: dawa ya trastuzumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaitia katika orodha ya dawa za lazima. Haimfai asiyepimwa.

Kuna watakaoniuliza: mbona unatuletea habari za jeni hali zahanati haina hata mashine ya eksirei? Swali ni la haki. Kwa muda mrefu mgonjwa wa Pwani aliyehitaji tiba ya mionzi katika hospitali ya umma alilazimika kwenda Nairobi, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Leo kituo cha saratani kipo katika hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, kisiwani. Hiyo ni hatua ya kusifiwa. Lakini mtu wa Likoni lazima angali avuke feri, wa Kisauni avuke daraja la Nyali, na wa Changamwe apite Makupa, na bima nayo imebadilika kutoka NHIF hadi SHA tangu Oktoba 2024, huku wengi wakiwa hawajaelewa wanastahiki nini. Hata hivyo, hoja yangu ni kwamba elimu ya jeni ndiyo inayotuonyesha fedha kidogo ziwekwe wapi. Inatuambia kwamba muda ndio adui, kwa hivyo tuwekeze katika kuwahi. Inatuambia kwamba bila kipande kilichohifadhiwa vizuri hakuna tiba sahihi, kwa hivyo chupa ya fomalini nzuri na mtu wa kuivusha upesi ni muhimu kama jengo jipya.

Nina mambo matatu ya kuomba.

Kwanza, ripoti ya maabara iambatane na aya moja ya Kiswahili inayomweleza mgonjwa ana nini na hatua ifuatayo ni ipi. Hii si fadhila. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Wanaisimu wa vyuo vyetu vikuu tuko tayari kukaa na madaktari tuandae kielelezo. Mimi binafsi najitolea.

Pili, wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa vifaa na serikali mwaka 2023 na wanaoingia majumbani kila siku, wafundishwe kuzieleza dalili waziwazi: uvimbe usiouma, chuchu iliyoingia ndani, majimaji yenye damu, ngozi iliyokunjana mithili ya ganda la chungwa, uvimbe kwapani. Waseme pia kwamba uvimbe mwingi si saratani, ili hofu isimfungie mtu nyumbani. Mwenye kutazamwa mapema ama huondolewa wasiwasi, ama hupata muda.

Tatu, na hili ni lenu, walimu. Wanafunzi wetu husoma jeni kwa mbaazi za Mendel, wakakariri uwiano wa tatu kwa moja, wakapita mtihani. Wengi humaliza shule bila kuambiwa kwamba jeni hubadilika mwilini mwa mtu aliye hai, na kwamba si kila badiliko ni urithi. Mwalimu wa biolojia akikaa na mwalimu wa Kiswahili kwa kipindi kimoja tu, darasa laweza kuandika maelezo ya saratani ya matiti ambayo mwanafunzi atayasoma kwao jioni, kwa mamake na kwa babake.

Mamangu mdogo yuko hai. Humeza kidonge chake kila asubuhi, na akija kliniki huvuka feri peke yake kwa kuwa hataki kushikwa mkono. Juzi nilimrudia kwa lile swali lake. Nikamwambia kwamba saratani haina mahali pake mwilini mwake, wala haikupata kuwa napo. Madaktari walimaanisha tu kwamba sehemu ile ilikuwa haijauvuka ukuta, na kwamba iliyovuka ilikuwa imetoka humo humo.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia hivyo siku ile. Nilimjibu kweli: sikuwa nimefundishwa. Wanafunzi wa leo wasije wakajibu hivyo.